Maneno Ambayo Papa Hakuyahesabu

Asubuhi zetu za Mabanga, mtaa wetu wa Goma, zilianza na harufu ya makaa mabichi yanayokataa kushika moto. Mvua ilikuwa imenyesha, mawe meusi ya volkano yaliyotanda uani yanafuka mvuke, na mama amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la bati, akipepea kwa kifuniko cha ndoo huku moshi ukimtoa machozi. Sauti yake ilitoka ndani ya moshi huo kabla sisi hatujamwona mwenyewe. Mama yangu alikuwa mtu wa kuongea. Wanawake walioteremka kutoka Kibumba na magunia ya kabichi na karoti aliwapokea kwa Kinyarwanda, akiwatania kwamba kabichi zao zimekunywa mvua nyingi kuliko udongo. Ndugu waliotoka Butembo aliongea nao Kinande, lugha aliyozaliwa nayo, na majirani wote waliobaki alikuwa nao katika Kiswahili chetu cha Goma. Meza yake ya mboga mbele ya nyumba ilijulikana mtaa mzima. Watu walikuja kutafuta habari na wakaondoka na karoti. Kisha mdogo wangu Sifa alikuwa akitoka ndani, anafikicha macho, anashika kitenge cha mama, na mara hiyo sauti ilikatika. Mama alimtazama na kusema, “Viens. Assieds-toi. Mange.” Njoo, kaa, kula. Baada ya hapo, kimya. Uso ulikuwa ule ule wenye upendo na mikono ilikuwa ile ile yenye joto, lakini mdomo ulikuwa wa mtu aliyekatazwa.

Na kweli alikuwa amekatazwa. Papa, baba yetu, alifanya kazi mpakani, katika ofisi ndogo ya kupitisha mizigo, na siku moja, kabla Sifa hajazaliwa, wakubwa waliotoka Kinshasa walikuja kufanya mkutano pale. Papa alisimama kueleza kwa Kifaransa jambo fulani la kazi. Mmoja wa wageni alirudia maneno yake kwa kuigiza lafudhi yake ya kwetu, na chumba kizima kikaangua kicheko. Papa alisimulia jambo hilo mara moja tu, akiwa anavua viatu, bila kuinua kichwa. Sifa alipozaliwa, alisimama kwenye mlango wa chumba na kutoa amri. “Huyu, hakuna mutu atamucheka,” alisema. “Hapa ndani, yeye ni Kifaransa tu. Kiswahili atakiokota mu barabara. Kinande atakiokota siku tukienda Butembo.” Mimi, Masika, nilikuwa tayari nasoma shule ya msingi, na kwa mzaha wake nilikuwa “nimeshaharibika,” kwa hiyo niliruhusiwa kuendelea na lugha zangu, mradi nisizitumie na mtoto.

Sitaki msomaji amwone Papa kama mtu mkatili. Katika mji wetu wazazi wengi walifikiri hivyo, na wengi bado wanafikiri hivyo. Kifaransa ndicho kinachofungua mlango wa ofisi, na mzazi anayempenda mtoto wake anataka kumpa ufunguo akiwa bado mdogo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mwalimu wa sekondari ambaye mke wake pia alisoma sana. Hao waliongea Kifaransa na mtoto wao wa kiume, wakimsimulia, wakimtania, wakimwimbia, wakibishana naye juu ya soksi, na yule mtoto aliongea kama redio. Tatizo la kwetu halikuwa Kifaransa. Papa, mwenye Kifaransa, aliondoka kabla Sifa hajaamka na kurudi Sifa akiwa amelala. Aliyebaki na mtoto kutwa nzima ni mama, na mama aliacha shule akiwa darasa la nne. Kifaransa chake kilikuwa kile ambacho yeye mwenyewe aliamriwa nacho akiwa kwenye dawati: kaa, simama, njoo ubaoni, nyamaza, sikiliza. Hakuna mtu aliyewahi kumbembeleza kwa lugha hiyo, wala kumsimulia kitu, wala kumuuliza ameota nini. Sasa alitakiwa kumlea mtoto kwa lugha ya mwalimu mkali.

Nakumbuka mchana mmoja ambao sikuuelewa hadi nilipokuwa mtu mzima. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, Sifa amekaa kando ya magoti yake. Kidudu kidogo cheusi kilitoka ndani ya haragwe lililotoboka na kuanza kutembea kwenye kiganja cha Sifa. Mtoto akashtuka, akacheka, akakiinua kiganja hadi karibu na uso wa mama, macho yamefunguka, mdomo umefunguka, mwili mzima ni swali. Mama alifungua mdomo. Niliona neno likija, niliona alivyolizuia, na niliona alivyotafuta jingine la Kifaransa na kulikosa. Alikipuliza kile kidudu kikaanguka. “Arrête,” alisema, acha hiyo, na akarudi kwenye maharage. Sifa alibaki ameinua kiganja kitupu. Hivi ndivyo mtoto anavyojifunza maneno, au anavyoyakosa. Anashika kitu, anakuonyesha, na kwa muda mfupi sana akili yake iko wazi kama mlango wa mchana. Ukimpa jina la kitu hicho wakati huo, linaingia na kukaa. Ukimjibu, naye atakujibu, hata kwa sauti isiyo na maana, nawe utamjibu tena, na humo ndimo lugha inamojengwa. Usipomjibu leo, atakuonyesha kesho. Ukiendelea kutomjibu, mwisho anaacha kuonyesha.

Sifa alipokaribia umri wa kupelekwa shule ya watoto wadogo, maneno yake ya nyumbani yote yalikuwa amri. Aliwaamuru kuku wakae. Alimpa mwanasesere wake wa kitambaa chakula kwa kumkaripia, “Mange! Mange!” na asipokula alimpiga kofi dogo. Wageni waliona ni kichekesho. “Mama Masika, huyu ni kolonel!” walisema, na mama alicheka nao, kisha alipobaki peke yake alikaa akimtazama mtoto kwa muda mrefu. Alianza kukonda. Aliwauliza wateja, kana kwamba anauliza kwa ajili ya mtu mwingine, mtoto huanza kusema sentensi akiwa na umri gani. Majibu yote yalimuumiza.

Lakini kulikuwa na Sifa mwingine, na huyo nilimjua mimi. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu siku nyingi kuliko yalivyotoa maji, na baada ya shule niliteremka hadi ziwani na bidoni ya njano, dumu letu la maji, mkononi na Sifa mgongoni, amefungwa kwa kitenge. Safari ni ndefu na bidoni tupu haina hadithi, kwa hiyo niliongea. Papa hakuwepo kunisikia na mimi sikufikiri kwamba huko ni kuvunja amri. Kwangu ile amri ilikuwa ya ndani ya nyumba, kama ile ya kutokuvaa kofia mezani. Nilimwambia Sifa yote tuliyopita: mbuzi huyu anakula karatasi, mama yule amebeba kitanda kichwani, angalia yule papa anavyosukuma chukudu, lile baiskeli letu la mbao, na gunia la viazi limemzidi. Kule ufukweni wasichana wenzangu walikuwa wanafua, wanarushiana povu, wanagombania nafasi ya kuchota. Walipokezana Sifa kama mpira. “We Sifa, nani mubaya hapa?” waliuliza, na Sifa alielekeza kidole kwa yule aliyeuliza, na sote tukaanguka kwa kicheko. Huko alisema “mayi”, maji. Alisema “povu” na “samaki” na “baridi” na “yaya, ona”, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. Baadaye aliyaunganisha: “Yaya, ona samaki amekufa.” Alisema “sitaki” kwa ufundi wa mwanasheria. Wasichana walikuwa wakimrudishia kila neno alilotoa, likiwa refu kidogo kuliko alivyolitoa. “Ndiyo, samaki amekufa, ananuka, tumutupe?” Hawakujua kwamba wanafundisha.

Tulipopanda kurudi na kukaribia mtaa wetu, maneno yalimwisha. Sikumkataza. Alinyamaza mwenyewe kwenye kona ile ile, kama mtu anayevua viatu kabla ya kuingia. Mara moja, akiwa bado mchanga zaidi, alisema “mayi” mezani siku ya Jumapili, na Papa alimgusa midomo kwa vidole viwili, si kwa nguvu, akasema, “De l'eau. Dis: de l'eau.” Sema maji, kwa Kifaransa. Akarudia na kurudia, uso wake karibu sana na uso wa mtoto, hadi Sifa akalia. Watu wazima walisahau jambo hilo jioni ile ile. Mtoto alijifunza kitu kimoja hapo, na alikijifunza vizuri: ndani ya nyumba hii, neno linalotoka ni hatari.

Papa alimpeleka shule ya watoto wadogo kabla ya mwaka kuanza, ili apimwe. Tulikwenda sote, mama amevaa liputa lake jipya, kitenge cha kutokea, Sifa amesukwa nywele hadi macho yamevutika. Mwalimu mkuu alikuwa mama mpole mwenye miwani. Alimwonyesha Sifa picha ya paka na kumuuliza jina lake kwa Kifaransa kizuri cha taratibu. Sifa alimtazama yule mwalimu aliyekuwa amesimama na kuinama mbele yake, akatazama kiti kilichokuwa wazi nyuma yake, akasema kwa sauti ya kolonel, “Assieds-toi!” Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Papa hakucheka. Mwalimu alipotuliza pumzi alisema, bila ubaya wowote, kwamba mtoto ana akili lakini maneno yake ni machache mno kwa umri wake, na kwamba wazazi wahakikishe anasikia vizuri na hana kitu mdomoni kinachomzuia. “Mumurudishe kabla masomo kuanza,” alisema. Njiani Papa alitembea mbele yetu peke yake. Nilikuwa nimekwisha kuona mabega yaliyoinama namna ile, jioni ile aliyotusimulia mkutano.

Masikio yalipimwa nyumbani. Papa alisimama nyuma ya Sifa na kugonga sufuria kwa kijiko, na mtoto aligeuka hata kabla sauti haijaisha. Basi lilibaki la mdomo, na la mdomo lilikuwa na mtaalamu wake. Jirani yetu, Mama Furaha, alikuja akakaa mezani pa mboga na kumwambia mama kwa sauti ya chini iliyosikika barabara nzima, “Mama Masika, usijidanganye. Huyu mutoto ako na kilimi. Njo inamufunga ulimi. Banamukata tu, wiki moja, atakuwa anasema sawa kasuku.” Kilimi ni ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma kabisa ya koo. Kwetu kuna watu wanaowakata watoto nyama hiyo, kwa kikohozi kisichopona, kwa mtoto asiyenyonya, na kwa mtoto asiyesema. Nyama hiyo haina kosa lolote. Kila mtu anayo, msemaji na bubu. Kinacholetwa na kukatwa ni damu na vidonda, na kuna watoto ambao hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Hata mimi nilijua hilo, maana shuleni kwetu palikuwa na msichana ambaye mdogo wake alipelekwa kukatwa kilimi, na wazazi wakarudi na kitenge tu. Papa, mwanzoni, alisema hayo ni mambo ya watu wasiosoma. Lakini siku za shule zilikuwa zinakaribia, na kila jioni alimwamsha Sifa na kumwonyesha picha za paka, na kila jioni Sifa alinyamaza. Hatimaye Papa alisema neno moja tu, akiwa ameangalia ukuta. “Mumupeleke.”

Nikasema. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, lakini nilisema. “Papa, Sifa anasemaka. Kule ziwani anasemaka sana.” Nikamwambia maneno yote niliyokumbuka, povu na baridi na samaki amekufa, nikiyataja haraka haraka kama mtu anayemwaga mfuko mezani ili asachiwe. Papa alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Aliniwekea mkono kichwani.

“Na kwa Kifaransa?” aliuliza.

“Hapana, Papa.”

“Basi hasemi, mwanangu.”

Nadhani katika maisha yangu sijawahi kukata tamaa kama nilivyokata tamaa wakati ule, chini ya mkono ule wa upole. Ningeweza kuleta maneno mengi kiasi gani? Hata yangejaa nyumba, yasingehesabiwa. Mama alinifuata nyuma ya nyumba, akanishika mabega. “Ni kweli?” aliuliza. Nikamwapia. Alimwita Sifa, akachungulia upande wa barabara, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimsemesha mtoto wake kwa Kiswahili, kwa kunong'ona, kama mtu anayeiba. “Sifa, sema mayi. Sema tu, mama. Mayi.” Sifa alimtazama mama. Alitazama mlango. Alikaza midomo hadi ikapotea. Mama alirudia, sauti ikaanza kukatika, mwishowe akawa anamtikisa mkono, na mtoto akawa mgumu kama jiwe la uani. “Unaona?” mama aliniambia, machozi yanamwagika. “Unaona, Masika?”

Tulikwenda asubuhi, mama na Sifa na mimi. Yule mkataji aliishi kwenye kiwanja chenye uzio wa mbao, na wanawake walikuwa wamekaa kwenye benchi na watoto wao, kila mmoja amebeba kitambaa safi. Walikuwa wanaongea mambo ya kawaida, bei ya mafuta, mume wa fulani. Mzee mwenyewe hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa na sauti ya babu na alimwita kila mtoto “mufalme”. Mbele yake palikuwa na sahani ya maji ya chumvi, na juu ya sahani hiyo waya uliopindwa na wembe. Alipofika mtoto aliyetutangulia, mama yake alimkalisha mapajani, mwanamke mwingine akashika kichwa, na kilichofuata kilikuwa kifupi. Yule mtoto hakulia mara moja. Alifungua mdomo na kwanza ikatoka damu, halafu sauti. Nilitaka kumfunika Sifa macho lakini alikuwa mgongoni kwa mama, kichwa chake juu ya bega, na alikuwa ameona yote.

“Kuya, mama,” mzee alisema, akimwita mbele. “Wako iko na shida gani?”

“Hasemake,” mama alijibu. Alikuwa anafungua fundo la kitenge, na mikono yake haikulipata.

Hapo ndipo Sifa aliposhika shingo ya mama kwa mikono yote miwili, akamgeuza uso kwa nguvu, na kusema mbele ya watu wote, kwa Kiswahili, bila kukosea popote, “Mama, twende kwetu. Nitasema. Nitasema Kifaransa yote.”

Mwanamke mmoja kwenye benchi akapiga makofi. “Huyu njo bubu? Anasema kuliko bwana yangu!” Wengine wakalipuka kwa kicheko, na mzee naye akacheka na kuweka wembe chini. “Mama, nani alikudanganya? Peleka mutoto yako.” Mama hakucheka. Aliketi pale pale chini, juu ya mawe, na liputa lake jipya, mtoto bado yuko mgongoni, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia na sijaisikia tena, hata siku tulizozika watu. Sentensi ya kwanza ambayo mwanawe alimpa ilikuwa ya kuomba asikatwe. Mtoto alikuwa na maneno hayo siku zote, na alikuwa ameyaweka mbali na mama yake.

Tulirudi nyumbani jinsi gani? Mama alitembea polepole, na baada ya muda akaanza kuongea. Mwanzoni alisita kwenye kila neno, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Hii ni njia. Hii ni nyumba ya yule muuza misumari. Hii ni misumari. Halafu hakuweza kuacha. Alimwambia Sifa kwamba mvua itanyesha, kwamba yule mbwa ni mwoga ndiyo maana anabweka, kwamba wakati alipokuwa mdogo kama yeye walilima viazi kwenye vilima vya Butembo na ukungu uliingia hadi ndani ya nyumba. Aliingia katika Kinande na kutoka tena bila kugundua. Sifa alisikiliza ameegemeza shavu mgongoni, kimya, hadi tukapita kwenye kona ile ambayo siku zote alivua maneno yake. Tukaipita. Akatoa mkono nje ya kitenge, akaelekeza kidole kwenye mfuko wa makaa kando ya barabara, na akauliza, “Na hii?”

Jioni Papa alirudi na kuuliza kama kazi imefanyika. Mama aliweka sahani mbele yake. “Papa Masika, leo nimeongea na mutoto yangu,” alisema.

“Kwa lugha gani?”

“Kwa ile niko nayo.”

Papa aliacha kula. “Watamucheka,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. “Wewe hujui vile wanachekaka.”

“Bamucheke, basi. Angalau bamusikie.”

Sifa hakupokelewa katika ile shule. Alibaki mwaka mzima chini ya meza ya mboga, kati ya karoti na magomvi ya wateja, na maneno yake yakaongezeka hadi tukachoka naye. Kifaransa kilikuja baadaye, shuleni, kikakuta ndani yake majina tayari na kujishikiza juu yake. Leo anakisema vizuri kuliko mimi. Ninapowaeleza wazazi jambo hili, huwa nawaambia hivi: lugha ya kwanza haimzuii mtoto kupata ya pili, inamwandalia nafasi. Mpe mtoto lugha ambayo wewe mwenyewe unaweza kucheka nayo, kumsimulia, kugombana na kusameheana. Hiyo ndiyo itakayomlisha. Lakini sidanganyi kwamba kila kitu kilirudi. Mdogo wangu ni mtu mzima, na bado akiwa na jambo zito la kusema huangalia mlango kwanza.

Mimi sasa nafundisha watoto wadogo hapa hapa Mabanga, katika vyumba viwili vya mbao. Nikipima miaka ile na hii, siwezi kusema tumesogea. Wazazi bado wananiuliza kwenye mlango, “Mwalimu, anasema Kifaransa?” na nawajibu kwa subira. Ila tangu vita vilipoingia ndani ya mji, naona umaskini mwingine wa maneno ambao sina jibu lake. Kazi zimekufa, ndugu wametawanyika, watu wazima wanakaa nyumbani wakisikiliza barabara, na midomo yao imekauka. Watoto wanakuja kwangu na maneno machache, na karibu yote ni amri. Nyamaza. Ingia. Lala chini. Usitoke. Nawafahamu watoto hawa. Nilikuwa na mmoja mgongoni. Mama yetu alinyamaza kwa sababu ya sheria ya nyumbani, na sheria ya nyumbani mtu anaweza kuivunja akiwa anatembea barabarani. Hawa mama zao wamenyamazishwa na hofu, na mimi sijui kona ya barabara ambayo wakiipita hofu hiyo itaisha.

Siku zile za risasi tulikuwa wote katika nyumba ya wazazi, tumelala sakafuni mchana kweupe, mama, Papa ambaye sasa ni mzee, mimi, na Sifa na mwanawe ambaye ndiyo kwanza ameanza kuongea. Bati lilikuwa linalia juu yetu. Sifa alikuwa amejikunja kumzunguka mtoto na alikuwa anamsemesha kwa sauti ndogo isiyokatika: huu ni mguu wa meza, hiki ni kiatu cha koko, babu yako, hili ni vumbi, ona vumbi linavyocheza. Papa alikuwa na hofu. “Sifa, nyamaza,” alisema. “Nyamaza, wanasikia.” Mama akasema bila kuinua kichwa, “Mumuache.” Kukawa na ukimya kidogo nje, na katika ukimya huo mtoto aliinua kidole kuelekea bati la paa, ambapo mwanga mwembamba ulikuwa unaingia mahali ambapo asubuhi haukuwepo, akatoa sauti ile ya watoto wote wanapotaka jina. Sifa alifungua mdomo na hakuweza. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuvipa vitu majina, sikuweza. Papa alikuwa karibu naye zaidi. Niliona neno likimjia, niliona alivyolitazama, na akalitoa kwa Kiswahili, taratibu, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto kitu cha kushika.

“Tundu,” alisema. “Ni tundu, mwanangu.”

“Tundu,” mtoto akarudia, ameridhika, na akaelekeza kidole kwenye jingine.